Unataka Kiti cha Wadi 2027? Anzia Uani, Jukwaa Litakuja

Ujumbe huja karibu kila wiki, na maneno hayabadiliki sana: "Asalamu alaikum dada, nimeamua kusimama wadi yetu. Nianzie wapi? Na hijabu yangu itaruhusiwa kwenye karatasi ya kura?" Wanaouliza ni mabanati wa miaka ishirini na kitu, wa Likoni, Kisauni, Diani, Malindi. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja usiku baada ya isha, kwa hiyo haya hapa yote kwa pamoja.

Nimefanya kampeni tatu za wadi Mombasa. Ya kwanza nilikuwa wakala wa kituo, ya pili nikashika daftari la pesa, ya tatu nikaisimamia mwenyewe kwa niaba ya binti mmoja. Moja tulishinda. Mbili tulishindwa, na moja kati ya hizo tulishindwa kizembe kabisa. Nitaeleza.

Hijabu kwanza, tuimalize: kwenye karatasi ya kura huenda picha kama ya pasipoti, na kinachotakiwa ni uso uonekane. Mtandio hauna shida. Piga picha na rangi ile ile ya mtandio utakayovaa kwenye mabango, kwa sababu bibi wa miaka sabini anayetafuta uso wako kwenye karatasi atatafuta rangi kabla ya jina.

Kiti chenyewe ni kipi

Kenya ina wadi 1,450 katika kaunti 47. Uchaguzi wa 2022 wanawake 115 ndio waliochaguliwa wawakilishi wadi, wakipanda kutoka 96 mwaka 2017. Kazi ya MCA, yaani huyo mwakilishi wadi, ni kutunga sheria za kaunti, kuisimamia serikali ya gavana na kuwasemea watu wa wadi. Hajengi barabara kwa mkono wake, ila anaweza kupigania iingie kwenye bajeti. Zahanati, chekechea, masoko, taka na maji ya mtaani ni mambo ya kaunti. Ukisimama Likoni ukaahidi feri mpya, umeahidi kitu kilicho chini ya Mamlaka ya Bandari, yaani serikali kuu, na mpinzani wako atakucheka mbele ya watu.

Uwe navyo kabla hujatangaza

- Kitambulisho, na jina lako kwenye rejista ya wapiga kura, ikiwezekana kituo cha wadi hiyo hiyo. Mgombea asiyeweza kujipigia kura mwenyewe ni kichekesho cha baraza.
- Uhakika wa chama ulichosajiliwa. Ingia eCitizen, kwenye huduma za Msajili wa Vyama, uangalie. Mwaka 2021 Wakenya wengi walijikuta wameandikishwa kwenye vyama wasivyovijua. Mgombea wetu mmoja alikutwa mwanachama wa chama ambacho hajawahi hata kukanyaga ofisi yake, na kujitoa kukamlia muda aliouhitaji kwa mambo mengine.
- Barua ya kuacha kazi, ikiwa wewe ni mtumishi wa umma. Sheria inataka uwe umeondoka miezi sita kabla ya kura. Uchaguzi ni Jumanne ya pili ya Agosti, yaani tarehe 10 Agosti 2027, kwa hiyo mwisho wako ni mapema Februari. Mwalimu wa chekechea ya kaunti naye yumo, asijidanganye.
- Cheti cha tabia njema cha polisi, na karatasi za kodi na za mkopo wa chuo zikiwa safi.
- Watu watano ambao hawatakuomba pesa. Mmoja awe anajua hesabu, mmoja awe na pikipiki.
- Daftari la karatasi. Simu huibiwa.

Digrii? Mwaka 2022 wagombea wa wadi hawakudaiwa. Usiache kusimama kwa sababu ya cheti ambacho huyo anayekutisha hana pia.

Hatua

1. Maliza mambo ya nyumbani. Usimwambie mtu wa nje kabla hujazungumza na baba, mama, mume kama unaye, na yule mjomba mmoja ambaye kila ukoo unaye, asiyeshauriwa akanyamaza. Zungumza na kila mtu peke yake. Ukiwaita wote kikao kimoja, mwenye wasiwasi kidogo atamtia wasiwasi asiyekuwa nao. Waambie mambo matatu: utarudi nyumbani saa ngapi, nani atakuwa nawe ukichelewa, na pesa ya nyumba haitaguswa. Kosa la kawaida hapa ni kutafuta ruhusa kwa hoja kubwa kubwa za haki za wanawake. Baba hagombani na haki zako. Anaogopa picha yako ichorwe masharubu ukutani.

2. Piga hesabu ya kura. Hapa ndipo wengi wanaporuka. Kila kituo cha kupigia kura kinachukua wapiga kura wasiozidi 700. Tuseme wadi yako ina 14,000 waliojiandikisha. Basi ni vituo visivyopungua ishirini. Mombasa 2022 waliojitokeza hawakufika nusu ya walioandikishwa. Chukua asilimia 45: ni watu 6,300. Wakisimama wagombea saba wanaogawana kura, mshindi anaweza kuingia na 1,900. Sasa kiti kina ukubwa unaoweza kuushika: ukiongeza akiba, unatafuta watu 2,200 wenye majina, kwenye majengo unayoyajua, nao watoke siku hiyo. Hata mkutano wa watu elfu tano wenye ngoma na matarumbeta haukupi hao, maana nusu yao wanapiga kura wadi ya jirani na waliobaki wamefuata muziki.

Waulize watu wako wamejiandikisha wapi. Kuna ndugu zako wa damu wanaolala mtaani kwako na kura yao iko Mariakani. Wahamishe kituo wakati usajili ungali wazi, maana hufungwa kabla ya uchaguzi.

3. Chagua chama, au usichague. Chama chenye upepo kinakupa kura za bure lakini mchujo wake wa kumteua mgombea ni vita. Chama kidogo kinakupa tiketi kwa urahisi, kisha mzigo wote wa kujieleza unakuwa wako. Ukitaka kuwa mgombea huru, lazima usiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya siku ya kura, na upate wapiga kura 500 wa wadi hiyo wa kukuunga mkono. Kusanya 700. Katika sahihi za barabarani huwa kuna za watu wa wadi nyingine na nambari za kitambulisho zilizokosewa. Alama yako nayo inataka kibali cha IEBC, tume ya uchaguzi, kwa hiyo ipeleke mapema, na chagua kitu ambacho mtu anaweza kukichora vumbini kwa kidole.

Kuhusu viti vya kuteuliwa: kila mara kutatokea mzee wa chama atakayekwambia, "Mwanangu, usihangaike na wadi, tutakuweka kwenye orodha." Orodha ipo kweli, Katiba inaidai ili jinsia moja isizidi theluthi mbili. Ila anayeipanga ni yeye. Mimi huwaambia wasichana wamshukuru, wanywe chai yake, kisha waendelee na daftari lao.

4. Ingia uani. Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote. Mgombea mwanamume mahali petu huishia barazani. Anaamkia wazee, anakunywa kahawa chungu, anapewa mdomo. Wewe unapita ukumbini, unafika uani, unakaa kwenye mkeka na wanawake wanaoamua nani ndani ya nyumba hiyo ataamshwa asubuhi kwenda kupanga foleni. Hiyo nafasi hakuna bango linaloinunua.

Andika ratiba ya wadi yako: darasa za wanawake, visomo vya Alhamisi, maulidi ya kina mama, chama cha kuchangishana cha kila mtaa, arubaini za watoto, harusi. Nenda sana, na usiseme siasa mara ya kwanza. Fika mapema, ingia jikoni, shika kisu, menya vitunguu. Anayefika chakula kikishapakuliwa huyo ni mgeni, na mgeni hapewi siri.

Kuna siku sitaisahau. Tulikuwa nyumba ya hitima, bibi mmoja anapepeta mchele kwenye uteo. Hakumtazama mgombea wetu usoni. Akauliza, "Wewe mtoto wa nani?" Binti akaanza kujibu na shahada yake na kazi yake ya benki. Nikamfinya. Akabadilisha: "Mimi mjukuu wa Bi fulani, aliyekuwa akiuza viazi karai pale karibu na kisima." Uteo ukasimama. "Wa yule? Alikuwa hapunguzi ukwaju." Kisha akasogea kidogo kwenye mkeka, akasema, "Haya sema, maji yetu yatatoka lini?" Nyumba ile ilitupa kura, na za majirani pia.

Jifunze kujibu swali hilo la mtoto wa nani kwa sentensi moja. Kisha uliza lako moja tu: hapa kwenu kinachowakera zaidi ni nini? Sikiliza. Usiandike mbele yao, watadhani ni sensa. Andika ukifika nyumbani: jina, nyumba, shida, watu wangapi wenye kura.

Onyo: matangani hakuna kampeni. Hata fulana ya chama usivae. Toa pole, saidia, ondoka. Waliofiwa hukumbuka miaka mingi nani alileta maiki kwenye msiba wao.

5. Weka kalenda mbili ukutani, ya uchaguzi na ya Kiislamu. Kwa hesabu ya kalenda, Ramadhani ya 2027 inaanza takriban tarehe 8 Februari, na Idi takriban 10 Machi, mwezi ukiandama. Mchujo wa vyama unafuata muda si mrefu. Mwaka 2022 ulikuwa Aprili. Kwa hiyo mfungo wenyewe ndio wakati wako wa kujulikana. Wagombea wenye pesa watafuturisha mitaa mizima kwa mahema na biriani. Usishindane nao. Peleka sahani moja ya kaimati na uji nyumba ya mgonjwa, kila jioni nyumba moja, ukae dakika kumi. Kura yenyewe itaangukia mwanzoni mwa mfungo sita, yaani Rabiul Awwal, kina mama wakijiandaa kwa maulidi, kwa hiyo ratiba zao za wiki ya mwisho zijue mapema.

6. Pesa. Ada ya IEBC kwa wadi ni shilingi 5,000, na kwa wanawake na vijana ilikuwa nusu yake, 2,500. Ada ya chama ni jambo jingine, kila chama na bei yake. Uliza punguzo la wanawake, wengi wanalo ila hawakwambii usipouliza. Fungua laini mpya ya M-Pesa ya kampeni peke yake na mtu mwingine ashike daftari lake. Usichukue mikopo ya simu. Acha riba kuwa haramu, ile inakusanywa wiki ya mwisho, wakati hasa unapohitaji nauli za mawakala.

Watu watakwambia mkono mtupu haulambwi. Kuhonga wapiga kura ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, na kulisha watu ili wakupe kura ni kosa vilevile. Dawa niliyoiona ikifanya kazi: toka nyumbani na nauli tu, usitembee na noti. Akikuomba mtu, mfungulie pochi aone. Atakucheka, na kesho atawasimulia wenzake.

7. Mchujo. Uteuzi wa chama waweza kuwa wa wanachama wote kupiga kura, au wa wajumbe. Jua chama chako kinatumia upi kabla hujalipa. Ukiwa wa wajumbe, hesabu inabadilika kabisa: unahitaji watu wachache sana, na wengi ni wazee wa kiume. Hapo mtume baba au mjomba.

Vikao vya chama hupenda kuitwa saa nne usiku, hotelini. Nenda na kaka yako au shangazi mwenye ulimi, akae meza ile ile. Akiulizwa yeye ni nani, ni mshauri. Kiongozi akisisitiza uende peke yako, hicho hakikuwa kikao. Hifadhi ujumbe wake na usimjibu.

8. Karatasi. Ukishapata cheti cha chama, peleka IEBC siku uliyopangiwa: kitambulisho, cheti, picha, fomu ya kujieleza kuhusu uadilifu, ada. Fika na nakala tatu za kila kitu. Majina yafanane herufi kwa herufi na kitambulisho. Khadija na Hadija ni watu wawili kwa karani. Ukitaka jina la mtaani, uliza kabla kama litakubalika.

9. Kampeni. Sheria inaruhusu mikutano ya hadhara mchana tu, mpaka saa kumi na mbili jioni, jambo linalokufaa wewe kuliko wao. Fanya mikutano midogo baada ya alasiri, mtaa kwa mtaa. Ongea dakika nane. Taja zahanati kwa jina, taja dawa iliyokosekana wiki ile.

10. Mawakala. Hapa ndipo tuliposhindwa kizembe. Kituo kimoja wakala wetu, mama wa watoto wawili, aliondoka saa saba usiku kwa sababu hakuna aliyempelekea chakula wala kubaki na watoto wake. Hesabu ya urais hutangulia. Ya wadi ikafanywa yeye hayupo. Tukapitwa kwa kura zisizofika hamsini kwa jumla, na fomu ya kituo kile hatukuwa nayo mkononi kulinganisha.

Kwa hiyo: wakala mmoja kila kituo, na wa akiba kila vituo vitatu. Wote wawe na barua na wawe wameapishwa. Chakula saa saba mchana, saa moja jioni na saa sita usiku, kinapelekwa na mtu wako wa pikipiki. Mtu wa kubaki na watoto wao usiku apangwe wiki moja kabla. Wafundishe jambo moja hasa, fomu 36A, ile ya matokeo ya wadi kituoni: wakala asome tarakimu na maneno, ajumlishe mwenyewe, asaini, achukue nakala yake, apige picha na ile iliyobandikwa mlangoni. Asiporidhika ana haki ya kuomba kura zihesabiwe tena, hadi mara mbili. Asisuse kusaini kwa hasira akidhani amebatilisha matokeo. Kukosekana kwa sahihi ya wakala peke yake hakubatilishi chochote.

Ukikwama

*"Ustadhi amesema mimbarini mwanamke haongozi."* Usimjibu hadharani, wala usigeuke mwanachuoni wa usiku mmoja. Tuma kwake mtu mzima anayeheshimiana naye. Mara nyingi alikuwa anajibu swali la mpinzani wako. Barabarani ukiulizwa, jibu fupi linatosha: naomba kuwakilisha wadi kwenye bunge la kaunti, sijaomba kusalisha. Wenye kutaka mifano, Kwale imemchagua Fatuma Achani gavana mwaka 2022, Ijara kule Garissa ilimpeleka Sophia Abdi Noor bungeni 2017, na simulizi za Mombasa yenyewe zinamtaja Mwana Mkisi kuwa malkia wa mji.

*Chama kimempa mwingine cheti changu.* Anza na kamati ya rufaa ya chama, kwa maandishi, siku hiyo hiyo. Kisha Mahakama ya Mizozo ya Vyama vya Kisiasa. Huku unafanya hivyo, tazama kalenda: ukitaka kuwa mgombea huru, uwe umejitoa chamani miezi mitatu kabla ya kura, yaani kabla ya tarehe 9 Mei. Ukiipitisha tarehe hiyo ukisubiri huruma, umefungiwa nje.

*Wamesambaza picha yangu ya uongo.* Usiisambaze tena kwa kuikanusha. Piga picha ya skrini yenye jina la akaunti, tarehe na saa, ripoti polisi upewe nambari ya OB, kitabu chao cha matukio, mwone mwanasheria. FIDA, chama cha wanasheria wanawake, wana ofisi Mombasa, na laini 1195 ya waliofanyiwa ukatili wa kijinsia ni ya bure. Waonyeshe wazazi wewe mwenyewe kabla hawajaonyeshwa na jirani.

*Nina mtoto anayenyonya.* Nenda naye. Mwaka 2019 Zuleikha Hassan, mbunge mwakilishi wa Kwale, aliamriwa kutoka ukumbi wa Bunge akiwa na mtoto wake mchanga, na nchi nzima ikazungumza. Uani hakuna atakayekutoa. Watagombania kumbeba huku wewe ukieleza.

*Nimeshindwa, na nahisi nimeibiwa.* Kusanya fomu 36A zote, zijumlishe kabla hujaenda redioni. Kesi ya wadi hufunguliwa mahakama ya hakimu, ndani ya siku 28 tangu IEBC kutangaza matokeo, na dhamana ya gharama ni shilingi 100,000. Kama fomu zako ziko pungufu au tofauti ni kura mia tano, laki hiyo lipia madeni ya maiki na mafuta ya pikipiki. Kisha Alhamisi nenda kwenye kisomo, uingie jikoni kama kawaida. Watakuwa wanakutazama kama bado unakuja kumenya vitunguu.